Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya uwanja wa vita wa Peleliu

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Palau. Kwa Mheshimiwa Gavana, Baraza la Kutunga Sheria na machifu wa jimbo la Peleliu. Nakala kwa wizara zinazohusika za Japani na Marekani.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima kuhusu uwanja wa vita uliohifadhiwa katika kisiwa cha Peleliu, kuomba kwamba maamuzi yote yanayougusa yaanzie kwa wenyeji wa kisiwa hicho kabla ya kufika kwa warithi wa majeshi mawili yaliyopigana humo katika Vita vya Pili vya Dunia. Nimeona niandike sasa kwa kuwa kazi tatu nzito zimekutana juu ya ardhi moja: kufufuliwa kwa njia ya ndege, kutafutwa kwa mifupa ya askari, na kuondolewa kwa mabomu ambayo hayakulipuka. Fedha za kazi hizi hutoka kwa mataifa na mashirika yaliyo mbali na kisiwa, na kila mtoaji ana haraka yake.

Huenda mkajiuliza mtu anayeandika kwa Kiswahili ana haki gani ya kusema juu ya kisiwa cha Pasifiki. Sijawahi kukanyaga Peleliu, wala sina ndugu aliyezikwa huko. Hata hivyo, vita vile havikutupita. Katika miezi ileile ya mwaka 1944 ambayo Wamarekani na Wajapani walikuwa wakiuana kwenye mapango ya Umurbrogol, vilima vya Peleliu, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa wakiwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw nchini Burma, ndani ya matope ya mvua za monsuni, hadi walipoingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini kwa wengi wao. Waliorudi Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walirudi kwenye nchi ambazo bado zilitawaliwa na wengine, na habari zao ziliandikwa kwanza na maofisa waliowaongoza. Kwa hiyo swali la nani anayesimulia vita, na kwa niaba ya nani, tunalijua kwa karibu.

Mambo ya vita vyenyewe mnayafahamu kuliko mimi, lakini barua hii itasomwa pia na watu ambao jina la Peleliu ni geni kwao. Kisiwa hicho kina ukubwa wa kilomita za mraba 13 hivi. Asubuhi ya Septemba 15, 1944, baada ya siku tatu za mizinga ya manowari na mabomu ya ndege, Divisheni ya 1 ya Marine, askari wa majini wa Marekani, ilishuka kwenye fukwe za magharibi. Kamanda wake, Meja Jenerali William Rupertus, alikuwa amewaahidi watu wake kwamba kazi ingekwisha kwa siku tatu au nne. Iliendelea hadi Novemba 27. Kanali Kunio Nakagawa, aliyekuwa na askari na vibarua karibu 11,000, hakuwatupa wote ufukweni wakafe siku ya kwanza kama ilivyotokea katika visiwa vingine. Wengi aliwaingiza ndani ya mwamba, katika mamia ya mapango ya asili na mahandaki yaliyochongwa ndani ya vilima vya matumbawe makali, ambako kila tundu lilitazamana na jingine na aliyeshambulia moja alipigwa kutoka matatu. Kikosi cha kwanza cha Marine, chini ya Kanali Lewis Puller, kilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake kabla hakijaondolewa mstari wa mbele, na Divisheni ya 81 ya jeshi la nchi kavu ndiyo iliyomaliza kazi. Ndege za kivita za Marekani aina ya Corsair ziliruka kutoka uwanja uliotekwa na kumwaga mabomu ya moto vilimani, umbali mfupi kiasi kwamba marubani hawakujisumbua kukunja magurudumu. Mapango ambayo hayakuingilika yalichomwa kwa silaha za kurusha moto, kisha milango yake ikafukiwa kwa baruti na matingatinga.

Wajapani zaidi ya 10,000 walikufa. Wamarekani waliouawa walikuwa karibu 1,800, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Waliotekwa wakiwa hai upande wa Japani walikuwa takriban 200 tu, wengi wao wakiwa vibarua kutoka Korea na Okinawa. Kundi la Wajapani 34 lilibaki mafichoni na halikujisalimisha hadi Aprili 1947, vita vikiwa vimekwisha kwa zaidi ya mwaka na nusu.

Yote haya yalifanyika kwa ajili ya uwanja wa ndege, ambao Wamarekani waliutaka ili kumlinda Jenerali MacArthur ubavuni alipokuwa akielekea Ufilipino. Admirali Halsey wa jeshi la majini la Marekani alishauri shambulio lifutwe. Mkuu wake, Admirali Nimitz, akaamua liendelee. MacArthur alishuka Leyte, kisiwa cha Ufilipino, Oktoba 20, wakati Peleliu bado watu wanachomwa mapangoni. Wanahistoria wameendelea kubishana kama damu ile ilihitajika, na mimi niko upande wa wanaosema haikuhitajika. Mabishano hayo, hata hivyo, huwa ni ya watu wawili, Mmarekani na Mjapani, kana kwamba kisiwa kilikuwa tupu walipokutana.

Hakikuwa tupu, kilikuwa kimeondolewa watu. Kabla ya shambulio, watawala wa Kijapani, waliokuwa wameishika Palau tangu walipoinyakua kutoka kwa Wajerumani mwaka 1914, waliwahamisha wenyeji wa Peleliu hadi kisiwa kikubwa cha Babeldaob. Huko walijificha msituni chini ya ndege za Marekani wakipambana na njaa, chakula kikiwa kimegombewa na askari wa Kijapani waliokwama nao. Japani kuna simulizi inayopendwa kwamba askari wa Peleliu waliwahamisha wenyeji kwa mapenzi, wakikataa kuwaingiza katika kifo chao. Huenda kulikuwa na askari mmoja mmoja mwenye moyo huo, lakini shahidi wa kwanza wa jambo hilo ni aliyehamishwa, na mara chache ndiye anayepewa nafasi ya kulisimulia.

Waliporudi hawakukitambua kisiwa. Vilima vilivyokuwa na msitu vilikuwa mifupa myeupe ya mawe. Vijiji vya zamani havikuwepo. Mashamba ya magimbi, ambayo katika desturi ya Palau ni kazi na fahari ya wanawake na ambayo hujengwa kwa vizazi kwa kulimbikiza matope na majani, yalikuwa yamefukiwa, yamechimbuliwa, au yamegeuzwa barabara na kambi. Alama za mipaka zilipotea pamoja na miti na mawe yaliyozionyesha. Msomaji yeyote wa Afrika Mashariki ataelewa uzito wa jambo hili bila kufafanuliwa: katika jamii ambayo ardhi ni ya ukoo na ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, mpaka ukifutika, hufutika pia sehemu ya jibu la nani ni nani. Watu wakajikusanya kaskazini, katika kijiji cha Kloulklubed na jirani zake, na kusini kwa kisiwa kukabaki kwa vifaru vyenye kutu, vyuma vya vyombo vya kushushia askari ufukweni, na waliokufa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa leo uwanja wa vita uliohifadhiwa ni mahali ambapo watu walikuwa wakiishi.

Fidia ilikuwa ndogo. Mwaka 1969 Marekani na Japani zilikubaliana kuchangia thamani ya dola milioni 5 kila moja kwa ajili ya visiwa vyote vya Mikronesia, bila yeyote kukiri kwamba anadaiwa, na mchango wa Japani ulitolewa kwa bidhaa na huduma. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya madai hayo mwaka 1971, zaidi ya robo karne baada ya vita, wakati ambapo wengi waliopoteza mashamba walikuwa wamekwisha kuzikwa. Silitaji jambo hili ili kufufua kesi ya zamani. Nalitaja kwa sababu mataifa hayo mawili yanaporudi Peleliu leo yakiwa na miradi, yasijione kama wageni wanaoleta hisani.

Sasa niseme juu ya ukumbusho. Marekani ilikiweka kisiwa katika orodha yake ya alama za kihistoria za taifa mwaka 1985, Palau ikiwa bado chini ya udhamini wake, na mwaka huohuo Japani ikajenga mnara wa amani kusini kabisa, ambapo Mfalme Akihito na Malkia Michiko waliinamisha vichwa Aprili 9, 2015. Kuna minara ya Marine na ya Divisheni ya 81, na kuna hekalu la Kishinto. Familia zilizopoteza watoto wao zina haki ya mawe hayo, na ninayaheshimu. Lakini mtu anayezunguka kutoka mnara mmoja hadi mwingine husoma habari za wageni waliokuja kufa, akaondoka bila kusoma habari za watu waliofukuzwa na kurudi.

Sisi tuna mfano wetu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Kiafrika kwa mamia ya maelfu walibeba risasi na vyakula vya majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji kote Afrika Mashariki, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa, malaria na kuhara. Dar es Salaam jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, na wengi wanaonunua na kuuza hapo hawalijui hilo. Ilibidi ifike mwaka 2021 ndipo tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilipokiri katika ripoti yake kwamba watu zaidi ya 100,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, huenda hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Kosa lile lilianza ofisini, siku ambayo mtu fulani aliamua nani aandikwe na nani asiandikwe. Peleliu bado mna muda wa kuamua vinginevyo, kwa kuwa watoto wa waliohamishwa wako hai na wanakumbuka waliyosimuliwa.

Ombi langu la kwanza ni juu ya njia ya ndege. Mwezi Juni 2024 ndege ya mizigo ya kijeshi aina ya KC-130 ya Marine ilitua Peleliu, baada ya wahandisi wa kikosi hicho kufyeka msitu na kutengeneza upya sehemu ya uwanja wa zamani. Njia hiyo ilipewa jina la Eugene Sledge, kijana aliyepigana hapo na ambaye baadaye aliandika aliyoyaona bila kuyapamba. Sina neno na Sledge. Ni mmoja wa waliosema ukweli. Ninajua pia kwamba Mkataba wa Ushirika Huru, uliofanya Palau kuwa huru Oktoba 1, 1994, unaipa Marekani haki pana za ulinzi, na kwamba watu wengi wa Palau wanaitazama China kwa wasiwasi wenye msingi. Pamoja na hayo, uwanja ule ndio kiini cha eneo lililoorodheshwa mwaka 1985. Kila tuta linalosawazishwa hapo lina historia chini yake, na huenda lina mtu chini yake. Ardhi hiyo pia ina koo zenye madai juu yake, na ilikuwa na majina kabla ya jeshi lolote kuchora ramani.

Kwa hiyo ninaomba kwamba kabla ya kuongezwa mita nyingine yoyote ya njia hiyo, uchunguzi wa kiakiolojia ufanyike chini ya usimamizi wa ofisi ya Palau ya uhifadhi wa utamaduni na historia, wala si chini ya mkandarasi anayelipwa na jeshi lenyewe. Matokeo yatolewe hadharani kwa Kipalau na kwa Kiingereza. Na koo zenye madai ya ardhi zisikilizwe kikaoni, si kwa barua ya taarifa baada ya kazi kuanza. Swali la kwamba uwanja wa ndege wa kijeshi unaweza kukifanya kisiwa kuwa shabaha kwa mara ya pili ni la wapiga kura wa Palau, na sitajifanya kuwajibia. Ninachoomba ni kwamba liulizwe Peleliu, mbele ya watu ambao wazee wao walihamishwa mara ya kwanza.

Ombi la pili ni juu ya mifupa na mabomu, mambo ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na ofisi tofauti ingawa yamelala pamoja. Mabaki ya Wajapani wengi bado yako ndani ya mapango yaliyofukiwa na katika makaburi ya pamoja, na Japani imejiwekea sheria tangu mwaka 2016 inayoifanya kazi ya kuyarudisha kuwa wajibu wa taifa. Wanaosafisha mabomu, wakiwemo Cleared Ground Demining waliofika Palau mwaka 2009 na baadaye Norwegian People's Aid, wamefanya kazi ya hatari na ya kupongezwa, na bila wao hakuna mtalii wala mkulima ambaye angepita kwa amani. Lakini pango likifunguliwa kwa ajili ya bomu, mifupa huvurugika. Likifunguliwa kwa ajili ya mifupa, bomu humsubiri mfunguaji. Pasiwe na pango litakalofunguliwa bila mtaalamu wa mabomu, mtaalamu wa mabaki ya binadamu na mwakilishi wa jimbo kuwepo kwa pamoja, na ramani ya kila lililofunguliwa ibaki Peleliu, isiishie kwenye kabati za Tokyo.

Kuna wafu wengine ambao ninaogopa watasahauliwa katika kazi hiyo. Vibarua wa Kikorea waliletwa na dola iliyotawala nchi yao, wakafa wakiwa na sare au bila sare, na mifupa yao haitofautiki kwa macho na ya mabwana wao. Ikikusanywa na kuchomwa kwa desturi ya Kijapani kabla ya kupimwa vinasaba, wamepotea mara ya pili. Kwamba kupima kunawezekana tumekwisha kuona: mwezi Desemba 2023 mabaki ya kibarua mmoja wa Kikorea aliyefia Tarawa, katika Kiribati ya leo, yalirudishwa Korea Kusini baada ya Wamarekani waliokuwa wakitafuta watu wao kushirikiana na wataalamu wa Seoul. Serikali ya Palau ndiyo mwenye nyumba. Ina uwezo wa kuweka sharti kwamba hakuna mabaki yatakayotoka nchini au kuchomwa kabla sampuli zake hazijapatikana pia kwa Korea, na kwamba familia za Okinawa zitendewe hivyohivyo. Tokyo itasita. Sharti likiwa la Palau, itakuwa vigumu kwake kulikataa.

Kuhusu vyuma vyenyewe nitasema kwa kifupi. Vifaru, mizinga na lile jengo la makao makuu ya Kijapani lililopasuliwa na mizizi havitadumu milele katika hewa ya chumvi, na si kila kitu kinafaa kupakwa rangi mpya. Chagueni vichache vya kutibiwa na wataalamu, vingine mviache viende na msitu. Sheria inayokataza wageni kuchukua masalia ya vita ipewe walinzi wa kutosha, wanaolipwa na ada ambazo wageni tayari wanazitoa. Kila mgeni anayeingia Palau hutia saini ahadi ya kuyatunza mazingira iliyopigwa muhuri katika pasipoti yake. Si jambo gumu kumkumbusha kwamba ahadi hiyo inafika hadi kwenye risasi iliyolala njiani.

Jumba dogo la makumbusho la Peleliu linastahili zaidi ya hapo. Ninaomba nusu ya nafasi yake, nusu kwa maana halisi, iwe ya maisha ya kisiwa kabla ya mwaka 1944, ya Babeldaob, na ya kurudi: ramani za vijiji kama wazee wanavyozichora, majina ya waliokufa kwa njaa na maradhi ugenini, sauti zilizorekodiwa kwa Kipalau. Kama siku moja Palau itapenda kuupeleka uwanja huu mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia, kama ilivyofanya kwa Visiwa vya Miamba mwaka 2012, kazi hiyo itakuwa nguzo ya maombi yake. Mwaka 2023 kamati hiyo ilipokea maeneo manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, na yeyote aliyeyatembelea anajua kwamba mgeni husimuliwa kwanza na Wanyarwanda wenyewe.

Ili haya yasiwe maneno, pangehitajika chombo kimoja kinachoona kazi zote tatu. Ninapendekeza kamati iliyoundwa kwa sheria ya jimbo, ambamo machifu na wanawake wakuu wa koo, wale ambao kwa desturi ya Palau ndio wanaowachagua machifu, wawe wengi kuliko maofisa. Marekani, Japani na Korea Kusini zikae kama waalikwa wenye sauti lakini bila kura. Na kibali cha kamati hiyo kihitajike kabla ya kuchimba, kufyeka, kufungua pango au kusimamisha mnara mpya popote ndani ya eneo lililohifadhiwa. Gharama zake zigawanywe kati ya Washington na Tokyo, na zilipwe kwa miaka mingi mfululizo ili kamati isiombe riziki kwa wale inaowasimamia.

Ninatambua kwamba jimbo lenye wakazi mia chache haliwezi kuyabeba haya yote kwa mwaka mmoja. Lililo dogo linaweza kuanza katika maadhimisho yajayo ya Septemba 15: kabla ya mabalozi na majenerali kupewa kipaza sauti, azungumze mzee wa Peleliu, kwa Kipalau, kwa muda anaoutaka, na hotuba yake ichapishwe pamoja na zao.

Ninasubiri majibu yenu, na nitafurahi kuyatafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wasomaji wetu.

Wenu kwa heshima,

Msomaji wa historia kutoka Afrika Mashariki